Kibaraza cha Maige

Hashiru alikuja Kibaha kwa kazi ya miezi minane. Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na tisa, fundi mwashi wa Maneromango, Kisarawe, na nyuma yake aliacha mama, ekari tatu za mikorosho na matofali mia sita aliyoyafyatua mwenyewe kwa ajili ya nyumba yake. Alimwambia mama yake, Bi Kidawa, "Nikimaliza ya watu, narudi nainua yangu." Sasa ana arobaini na nane na bado yuko Kibaha. Matofali yale yalishafunikwa na majani, na mengine watu waliyaomba wakajengea vyoo.

Mimi ni jirani yake wa upande wa chini, huku Tangini. Tangi langu la maji alilijenga yeye, na ndivyo tulivyozoeana. Haya ninayosimulia mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine alinieleza mwenyewe tukiwa tumekaa kwenye rundo la mchanga, mbele ya nyumba ambayo si yake.

Nyumba ni ya Maige Ngusa, kijana wa Kisukuma aliyekulia hapa hapa Kibaha, baba yake akiwa bwana shamba wa serikali. Maige alikwenda Kanada kusoma, akabaki huko, katika mji unaoitwa Edmonton, ambako anafanya kazi kwenye ghala la chakula. Kiwanja alinunuliwa na baba yake, Mzee Ngusa, na Mzee Ngusa ndiye aliyemtafuta Hashiru, akamlipa vizuri, na kila asubuhi alikuja na kiti chake cha plastiki kusimamia. Mwezi wa nane wa kazi, bati zilipokuwa zimekwisha kupigwa, mzee alianguka bafuni kwake akafa.

Maige alikuja mazikoni. Siku ya kuondoka alimshika Hashiru mkono mbele ya nyumba, hakuuachia mpaka alipomaliza kusema.

"Kaka Hashiru, usiniache. Lete familia, kaeni kwenye lile banda la uani, vyumba viwili si haba. Nitakuwa nakutumia chochote cha sabuni. Mwakani nakuja, tunapiga lipu, tunamaliza, unarudi kwenu na heshima zako."

Hashiru aliona ni jambo la mwaka mmoja, tena la kumsitiri mtu aliyefiwa. Akamleta mkewe Hajira na watoto watatu, mkubwa wao Sada akiwa darasa la pili.

Mwakani hiyo Maige hakuja. Mwaka uliofuata alioa. Mwaka wa tatu Hashiru alifiwa na mjomba, akaenda Maneromango kwa wiki moja, na aliporudi alikuta nguzo mpya za mti zimesimikwa ndani ya kiwanja, hatua nne kutoka mpakani. Jirani wa juu, Ambokile, alikuwa amevuta mpaka. Alisema kwa utulivu kabisa kwamba hivyo ndivyo alivyouziwa.

Shauri lilikwenda baraza la kata na likachukua miezi kumi na minne. Watu waliokuwepo siku kiwanja kilipopimwa kwa hatua walikuwa wanne. Mzee Ngusa amekufa, aliyeuza amekufa, mjumbe amehamia Tanga na hapokei simu. Aliyebaki ni Hashiru, ambaye siku hiyo alikuja tu kuonyeshwa kazi, akaambiwa aweke sahihi kama shahidi. Aliitwa mara sita. Alieleza kuhusu mti wa mkwaju, kuhusu jiwe, kuhusu shimo la zamani la takataka. Mwishowe Ambokile aliambiwa ang'oe nguzo zake.

Maige alifurahi sana kwenye simu. "Umeona, kaka? Ukitoka tu, wameingia. Wewe ndiye hati yangu."

Kuanzia hapo, kwa miaka, Hashiru hakulala nje ya kiwanja zaidi ya usiku mmoja. Mafundi wenzake walipata kazi Chalinze, Bagamoyo, mmoja alichukuliwa na Wachina akaenda kujenga madaraja Dodoma. Yeye alikataa zote. Alipokea vibarua vya karibu: choo cha huyu, tangi la yule, kuziba ufa wa duka pale Maili Moja. Ilikuwa lazima iwe kazi ambayo jua likianza kushuka ataiacha na kurudi kuona kama mpaka uko palepale. Aliniambia siku moja, bila kucheka, "Mimi ni bikoni, lile jiwe la mpaka. Tofauti ni kwamba nakula."

Julai ya mwaka jana, Jumamosi moja saa kumi na moja jioni, Maige alipiga simu ya video. Kule kwao ilikuwa asubuhi. Hashiru alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba, mimi nimekuja kuazima toroli, kwa hiyo nilisikia yote.

"Kaka Hashiru! Wewe fundi, nataka uone kitu." Maige aligeuza simu. Tuliona ukuta wa mbao wa rangi ya maziwa, mlango wa kioo, na mbele yake sakafu kubwa ya zege, rangi ya udongo wa kahawia, imechorwa michoro kama mawe yaliyopangwa. Juu yake kulikuwa na meza, viti vinne na jiko la kuchomea nyama.

"Zege hilo?" Hashiru aliuliza.

"Zege. Kibaraza cha nyuma. Futi thelathini kwa ishirini."

Hashiru aliisogeza simu karibu na uso. Nilimwona amebadilika, amekuwa fundi. Akauliza unene. Maige akasema inchi nne. Akauliza chini yake kuna nini. Maige akasema wamechimba, wakamwaga kokoto, wakashindilia kwa mashine, kwa sababu kule ardhi ikiganda wakati wa baridi inavimba na kunyanyua kila kitu. Na zege lenyewe si la kawaida, limetiwa dawa inayoacha vitundu vidogo vya hewa ndani, maji yakiganda yapate pa kutanukia.

"Na gharama?"

Maige alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayejua atakachosema kitamwumiza mwenzake lakini anataka kukisema. "Dola elfu kumi na nne na mia nane. Za Kanada. Ufundi peke yake umekula elfu tano na mia sita. Kuchimba na kubeba udongo kuutupa, elfu mbili na mia moja. Huku mtu akishika koleo, kaka, saa inahesabu."

Hashiru aliniangalia, nami nikatoa simu yangu nikapiga hesabu. Nilimwonyesha kioo. Milioni ishirini na saba na zaidi.

Akamwambia Maige, "Mimi hapa ningekumwagia hicho kwa milioni mbili na chenji kidogo, na maji ya kumwagilia siku saba ningeyabeba mwenyewe."

"Najua, kaka. Najua. Ndiyo maana nakukumbuka."

Lazima nieleze kwa nini hesabu ile ilimchoma Hashiru. Miezi minne kabla, Maige alikuwa amemwambia apige makadirio ya kumalizia nyumba: lipu nje na ndani, jamvi, yaani zege la sakafu, madirisha, milango, dari, umeme na mfumo wa maji. Hashiru alizunguka maduka ya vifaa siku tatu, akaandika kwa kalamu ya mkaa kwenye karatasi ya mfuko wa simenti, akampigia picha. Jumla ilikuwa milioni ishirini na sita na laki nne. Maige alijibu kwamba kwa sasa hali ni ngumu, wasubiri kidogo.

Hajira alipoelezwa aliacha kukanda unga. Anauza maandazi na chai pale stendi ya Maili Moja kila alfajiri, na mchana huanza maandalizi ya kesho yake.

"Kwa hiyo hela ilikuwepo," alisema.

"Ilikuwepo."

"Na wamekaa juu yake wanachoma nyama."

"Si makosa yake, Mama Sada. Ni hela yake."

"Sijasema makosa. Nimesema wamekaa juu yake." Akarudi kukanda.

Masika ya mwaka huu yalikuwa makali. Kisarawe barabara zilikatika sehemu mbili. Siku ya tatu ya mvua mfululizo, Bi Kidawa alitoka kwenda chooni, na ua wake ni wa ule udongo mwekundu ambao ukilowa unakuwa kama sabuni. Aliteleza, akaangukia nyonga. Alilala kwenye tope mpaka mpita njia akasikia akiita. Hospitali walisema mfupa haukuvunjika, umepata ufa, alale, na akianza kuinuka asitembee kwenye utelezi. Mpwa wa Hashiru, mtoto wa dada yake, ndiye aliyempigia. Alisema bibi hataki kunywa maji kwa sababu anaogopa kwenda chooni.

Hashiru alimpigia Maige siku hiyo hiyo kuomba siku tano. Kabla hajamaliza salamu, Maige akasema, "Afadhali umepiga. Ngoja uone."

Akageuza simu. Theluji ilikuwa imebaki vipande vipande kama majivu kwenye majani. Kile kibaraza kilikuwa kimepasuka katikati, na kona moja imenyanyuka kiasi cha kiganja cha mkono, meza imeegemea upande.

Hashiru aliuliza, "Maji ya paa lako yanashukia wapi?"

"Kuna bomba pale."

"Pale wapi? Onyesha." Maige akaonyesha. Bomba lilikuwa likimwaga maji kwenye kona ileile. "Basi ndilo hilo. Maji yameingia chini kabla ya baridi, yakaganda, yakanyanyua. Hapa kwetu kuna udongo mweusi unafanya hivyo hivyo kwa mvua tu. Kokoto waliyoweka hawakuishindilia vizuri. Na maji hawakuyaelekeza mbali."

"Fundi mwenyewe hapokei simu," Maige alisema. "Mwingine amekuja, anasema kivunjwe chote, kibebwe kikatupwe, waanze upya. Elfu kumi na tisa."

Kisha akageuza simu kwake, na Hashiru anasema hakuwahi kumwona vile. Alikuwa amenenepa, macho mekundu, amevaa koti ndani ya nyumba.

"Kaka Hashiru, unajua kwa nini nilijenga hiki kitu? Huku miezi sita nakaa ndani. Naamka giza, narudi giza, kazini ghalani hakuna dirisha. Mke wangu na mimi tunapishana mlangoni, akiingia mimi natoka. Nikasema, basi niwe na sehemu ya kukaa nje, nione jua miezi mitatu, minne. Nimekopa benki. Nalipa mpaka mwaka 2029. Nimekikalia msimu mmoja tu. Na jambo lingine sijakwambia. Mimi sirudi. Watoto hawajui hata Kiswahili. Nyumba hiyo nilikuwa najenga kwa ajili ya mzee."

Hashiru alikuwa amesimama chini ya bati la banda, mvua inapiga, ikabidi amwombe arudie. Maige akarudia.

"Umejua lini?" Hashiru akauliza.

"Muda."

"Miaka mingapi?"

Hashiru akamweleza habari za mama yake, kwa maneno machache, na akasema kesho anaondoka, Hajira atabaki kiwanjani. Hakuwa anaomba tena.

Alipitia Mlandizi kisha Mzenga, kipande kikubwa kwa bodaboda, vipande vingine kwa miguu akiwa amebeba viatu mkononi. Alimkuta mama yake amelala anatazama mlango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja siku ngapi?"

Swali hilo lilimwuma kuliko lawama. Alisema tano.

Siku ya kwanza alinunua mifuko kumi na moja ya simenti, akalipia gari dogo la mchanga na kokoto lifike mpaka linapoweza. Kutoka hapo alibeba kwa ndoo. Alichimba udongo ule mwekundu mpaka akafika penye ugumu, akajaza mawe na kifusi, akashindilia kwa gogo, maana mashine hakuna. Alisubiri mvua ipungue. Siku ya tatu alimwaga zege, mita tatu kwa nne mbele ya mlango, na njia ya kwenda chooni, upana wa watu wawili, ikiwa na mwinamo wa kupeleka maji mbali na nyumba. Juu alikwaruza kwa fagio la chelewa ili mguu ushike. Pembeni ya njia alisimamisha bomba la chuma la kushikilia. Gharama yote, pamoja na gari na bomba, haikufika laki sita.

Bi Kidawa alikuwa akimtazama kutoka kitandani kupitia mlangoni. Alimwona akiinama, akiinuka, akichota mchanganyiko, nywele zake za kichogoni zimeingia mvi. Siku ya nne alimwita.

"Hashiru. Rudi nyumbani mwanangu."

"Narudi, mama. Mwaka huu namaliza ya watu."

"Ya watu hayaishi. Wewe siyo kwamba unajenga, unangoja."

Siku ya tano zege lilikuwa bado changa kwa mtu wa kutetereka, kwa hiyo hakumwona mama yake akitembea juu yake. Alimwelekeza mtoto wa dada yake kulimwagilia maji siku zisizo na mvua, akaondoka.

Njiani alipanga maneno yake. Aliyasema Jumamosi iliyofuata, na alimtaka Hajira akae karibu asikie. Alimwambia Maige kwamba anampa mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Atakwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, waandike karatasi ya makabidhiano, funguo zikae ofisini, yeye arudi Maneromango.

Maige hakukasirika. Hashiru anasema laiti angekasirika. Alisema, "Una haki, kaka. Nipe siku mbili."

Baada ya siku mbili alipiga tena. "Nimefikiri. Nikiuza gofu sasa hivi, Ambokile ndiye atakayenunua, tena kwa bei ya kutupa. Sitaki. Nakupa hilo banda na kipande cha uani, hatua ishirini kwa ishirini na tano, kiwe chako, tuandikishane kwa mwenyekiti. Bure. Wewe endelea kuniangalizia nyumba tu mpaka nipate hela ya kuimaliza. Ukikaa hapo kwako, si tayari unaniangalizia?"

Hashiru alikata simu akamgeukia mkewe kumwambia kwamba hataki. Hajira alikuwa analia.

"Mama Sada?"

"Nalia furaha. Kwani wewe hujasikia? Kiwanja Kibaha, Baba Sada. Sada yuko kidato cha nne, nimtoe shule nimpeleke wapi? Wateja wangu wa Maili Moja nitawabeba kwenye beseni niende nao Maneromango? Miaka tisa nimeishi kwenye banda la mtu, naogopa hata kupanda mchicha nisije nikaambiwa nimeharibu. Leo linakuwa langu, wewe unataka kuondoka?"

"Hatukupewa, tumefungwa. Nikishachukua hiki, siwezi kumwambia tena kwamba naondoka."

"Ungekwenda wapi?" Hajira aliuliza, na hakuuliza kwa ubaya. "Mama mlete hapa."

"Mama hatoki kule. Kaburi la baba liko kule."

"Basi ndiyo hivyo."

Walibishana siku tatu, na mimi niliitwa kusuluhisha. Nilisimama upande wa Hajira. Nilikuwa nafikiria watoto, na, niseme ukweli, nilikuwa nafikiria pia kwamba sitaki kupoteza jirani mwema. Mpaka leo sijui kama nilitenda haki. Hashiru alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akasema, "Sawa, mzee mwenzangu."

Karatasi iliandikwa mwezi wa sita, tarehe ileile aliyokuwa amepanga kuondoka. Mwenyekiti alipiga muhuri, Maige akawa kwenye simu ya video, mimi na Hajira tukaweka sahihi za ushahidi. Hashiru aliombwa aonyeshe mipaka. Alitembea kona hadi kona akihesabu hatua kwa sauti, na nyuma yake mwenyekiti akiandika.

Jioni alimpigia mama yake. Bi Kidawa siku hizi anafika chooni peke yake, ameshika bomba, na mchana huanika mihogo yake kwenye zege. Alisikiliza habari yote mpaka mwisho.

"Hongera," alisema. "Basi lile shamba la mikorosho nimpe mtoto wa dada yako alime. Nyasi zinaninyanyasa."

"Mpe, mama."

"Na yale matofali yaliyobaki?"

Hashiru aliniambia hapo alimwambia mama yake mtandao unasumbua, atapiga kesho. Hakupiga kesho yake. Asubuhi nilimwona amevaa nguo za kazi, anachimba msingi wa jiko la Hajira kwenye kile kipande cha uani. Kila baada ya muda mfupi aliacha jembe, akaenda hadi nyuma ya ile nyumba kubwa kuangalia upande wa Ambokile, kisha akarudi.